Farasi wa Asili au Farasi wa Nasaba? Uhakiki wa Mswada wa Tafsiri Kutoka Sindeni

Utangulizi

Miongoni mwa miswada iliyoletwa kwetu ili lugha yake ikaguliwe, umo mmoja ambao msomaji wa kwanza huenda akaushangaa. Ni tafsiri ya masimulizi ya farasi mabingwa wa mbio tangu karne ya 18 hadi siku zetu. Imefanywa na mwalimu mmoja wa Sindeni, wilayani Handeni, kwa nia ya kuwapatia wanafunzi wake kitabu cha ziada cha kusoma. Sindeni hakuna kiwanja cha mbio za farasi, na farasi mwenyewe haonekani huko. Kwa hiyo wako waliotoa rai kwamba mswada huo urudishwe bila ya kusomwa, kwa hoja kuwa lugha haina haja ya kutafutiwa istilahi za jambo ambalo wasemaji wake hawanalo.

Hatukubaliani na hoja hiyo. Lugha inayotumiwa kufundishia haiwezi kungoja kila kitu kifike mlangoni ndipo ikipe jina. Watoto wa Handeni husoma habari za theluji, nyangumi na volkano, na hakuna anayedai kwamba vitu hivyo viletwe kwanza. Lililo muhimu ni kwamba jina linalotolewa limwelekeze msomaji kwenye kitu chenyewe, wala lisimpeleke kwenye kitu kingine anachokijua tayari. Na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mswada huu, kama tutakavyojaribu kuonyesha. Tutaanza na neno moja ambalo limeubeba mswada mzima, kisha tutatazama vipimo, vifaa, mwendo na majina, na mwishoni tutatoa mapendekezo yetu.

Sindeni na farasi

Kabla ya kuingia katika istilahi, yafaa tukumbushe kwa nini farasi ni mgeni katika sehemu hizo. Sababu si umaskini wala kutojua. Sababu ni mbung'o. Vichaka vya Handeni na nyika zinazoteremkia pwani ni makazi ya zamani ya mdudu huyo, ambaye hueneza nagana, na farasi ni mmoja wa wanyama wanaoshindwa upesi na maradhi hayo. Ng'ombe wenyewe hupata taabu. Punda hustahimili zaidi kidogo.

Historia inao ushahidi wake. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliteremka kwa kufuata mto Pangani, yakapita Korogwe, kisha yakaiteka Handeni. Katika vita ile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, wengine kwa nagana, wengine kwa maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi. Kinyume chake, Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huko mbio za farasi zilianza mapema katika karne ya 20. Kiwanja cha Ngong Road kilifunguliwa mwaka 1954, na mashindano yanaendelea huko hadi leo. Kwa hiyo msomaji wa Sindeni hasomi habari za dunia nyingine kabisa. Anasoma habari za mnyama ambaye angeweza kuwa wake, lau si mbung'o.

Neno lililobeba mswada mzima

Mada ya mswada ni aina moja tu ya farasi: ile iliyozalishwa Uingereza kwa ajili ya mbio, ambayo baadaye ilienea Marekani, Ufaransa, Australia, Japani na nchi za Ghuba. Mtafsiri ameiita «farasi wa asili». Neno hili limetokea katika mswada tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila linapotokea linamdanganya msomaji.

Tunakiri kwamba kosa hili lina sababu yenye heshima. Kiarabu, ambacho ndicho kilichotupa neno «farasi», humwita farasi mwenye ukoo uliohifadhiwa kwa neno la shina lile lile lililotupa «asili». Bila shaka mtafsiri alilijua jambo hilo, akaona kwamba njia imekwisha kufunguliwa. Lakini maneno yakivuka bahari huota mizizi mipya. Kwa Kiswahili cha leo, na hasa Kiswahili cha mifugo, «asili» imeshika maana nyingine. Bwana Mifugo akifika Sindeni na kutaja «ng'ombe wa asili», kila mfugaji anaelewa: ni ng'ombe mdogo, mwenye nundu na pembe fupi, aliyezoea jua na kupe, mwenye maziwa machache, ambaye hakuna aliyemchagulia dume kwa kalamu na karatasi. Anayepambanishwa naye ni ng'ombe wa kisasa, au chotara. Sasa mwanafunzi wa Sindeni anaposoma kwamba farasi wa asili ndiye aliyeshinda mbio kubwa za dunia, ataelewa nini? Ataelewa kwamba farasi wa kienyeji, asiyechaguliwa na mtu, ndiye aliyewapita wote. Hiyo ni kinyume kabisa cha habari anayosimuliwa.

Na habari yenyewe ni hii. Farasi wote wa aina hiyo, kwa upande wa kuumeni, wanatokana na madume watatu walioingizwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo, Shamu, na kufikishwa Uingereza mwaka 1704, na Godolphin Arabian. Madume hao walipandishwa kwa majike waliokuwako Uingereza. Mnamo 1791 James Weatherby alianza kuchapisha daftari la nasaba za farasi hao, na tangu hapo farasi hahesabiwi kuwa wa aina hiyo ila kama baba yake na mama yake wote wawili wamo katika madaftari yanayotambuliwa. Hata uhimilishaji, ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga wanaufahamu vizuri, umekatazwa kwao. Mtoto asiyezaliwa kwa kupandana kwa dume na jike hawezi kuandikishwa.

Kwa maelezo hayo msomaji ataona mambo mawili. Kwanza, farasi huyu hakuwa wa «asili» hata siku moja. Alianza akiwa mchanganyiko wa damu ya Mashariki na damu ya Kiingereza; kwa lugha ya mabwana mifugo wetu, babu zake walikuwa machotara. Pili, linalomtenga na farasi wengine ni kule kuandikwa kwa wazazi wake, wala si ukale wa damu yake. Kiini cha dhana ni daftari.

Katika baadhi ya kurasa mtafsiri amejaribu njia ya pili, yaani «farasi wa damu safi». Njia hii ni mbaya zaidi kuliko ya kwanza. Kwanza, inachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: mnyama yeyote ambaye wazazi wake ni wa aina moja, awe ng'ombe, mbuzi au mbwa, na farasi wa aina hii moja tu. Pili, neno «safi» lina hukumu ndani yake. Mwenye damu isiyo «safi» ana damu ya namna gani? Karne ya 20 ilitupa jibu la kuogofya pale fikra ya usafi wa damu ilipohamishwa kutoka katika mazizi na kupelekwa kwa watu. Sheria zilizotungwa Ujerumani mwaka 1935 zilipima uraia wa mtu kwa dini ya babu na bibi zake. Hatusemi kwamba mwalimu wa Sindeni alikuwa na fikra hizo. Twasema kwamba istilahi hupokelewa pamoja na mzigo wake, na kazi ya mwanaistilahi ni kuufungua mzigo huo kabla haujaingizwa nyumbani.

Nini basi kifanyike? Twaona kwamba ziko dhana tatu, na kila moja inastahili jina lake. Ya kwanza ni aina ya mnyama iliyotengwa kwa uzazi wa kuchagua. Wataalamu wa mifugo huiita «kosaafu», nasi hatuoni haja ya kubuni jingine. Ya pili ni mnyama ambaye wazazi wake wanajulikana na wameandikwa. Huyu aitwe «mwenye nasaba», na kitabu chake kiitwe «daftari la nasaba». Neno «nasaba» linafahamika na kila anayejua Kiswahili, halitukuzi wala halitwezi. Ya tatu ni jina la kosaafu hii mahsusi. Hapa twapendekeza «Thorobredi», kwa herufi kubwa.

Wako watakaolalamika kwamba tumekimbilia ukopaji. Utaratibu unaofuatwa katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo tunauheshimu. Lakini jina la kosaafu ni jina pekee, kama jina la mji au la mtu. Mfugaji wa Handeni husema «Borana», «Friziani» na «Ayrshire» bila ya kuona kwamba Kiswahili kimeshindwa. Ukopaji ni aibu pale unapoziba neno lililokuwapo. Kwa jina pekee ni uaminifu.

Vipimo na istilahi za mashindano

Udhaifu wa pili wa mswada uko katika vipimo. Tunasoma kwamba farasi mmoja alikuwa na kimo cha «mikono 16». Kwa Kiswahili mkono ni dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha sentimita 46. Mikono 16 ni zaidi ya mita 7, na hakuna twiga aliyepata kufika kimo hicho. Kipimo cha Kiingereza kinachotumiwa kwa farasi kina jina la mkono, lakini ni upana wa kiganja tu, inchi 4. Farasi wa vipimo 16 ana sentimita 163 hivi, kutoka ardhini hadi juu ya mabega, na kichwa hakihesabiwi. Hapa hapahitajiwi istilahi. Panahitajiwa kubadili kipimo na kuandika sentimita.

Kadhalika tunaelezwa kwamba mwaka 1973 farasi Secretariat, katika mbio za Belmont huko Marekani, alishinda «kwa urefu 31». Urefu wa nini? Msomaji huachwa akikisia. Kipimo ni urefu wa mwili wa farasi mmoja, kutoka pua hadi mkia, ambao hukadiriwa kuwa kiasi cha mita 2.4. Mtafsiri angeandika «kwa urefu wa farasi 31» msomaji angeona mara moja nafasi ya zaidi ya mita 70 kati ya bingwa na aliyemfuata, katika mbio za kiasi cha mita 2,400 zilizomalizika kwa dakika 2 na sekunde 24. Wingi wa ushindi huo ndio uliomfanya Secretariat akumbukwe, na neno moja lililoachwa limeuficha.

Ushindi wa mbio tatu kubwa katika mwaka mmoja umeitwa «Taji la Utatu». Neno «Utatu» limekwisha kuwa mali ya theolojia, na mwanafunzi aliyepita katika mafundisho ya kanisa atadhani farasi huyo alitawazwa kwa ibada. «Mataji Matatu» latosha.

Kosa kubwa zaidi katika sehemu hii ni «mbio za vilema». Mtafsiri amekutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile asiyotakiwa. Zinazozungumzwa ni mbio ambazo farasi hodari hubebeshwa uzito mkubwa zaidi ili wadhaifu nao wapate nafasi. Mfano mzuri umo katika mswada wenyewe, lakini umepotea. Phar Lap, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1926, alishinda Kombe la Melbourne mwaka 1930 akiwa amebeba kiasi cha kilo 62.5. Mwaka uliofuata alibebeshwa kiasi cha kilo 68, akawa wa nane. Msomaji akiambiwa kwamba hizo ni «mbio za uzito sawazishi», ataelewa kwamba Phar Lap alishindwa na mzigo, wala hakushindwa na farasi saba. Akiambiwa ni mbio za vilema, ataelewa kitu kingine cha kusikitisha.

Phar Lap huyo huyo ameitwa «farasi towashi». Neno towashi ni la watu, na ni la majumba ya wafalme. Mfugaji wa Sindeni ana neno lake kwa dume aliyehasiwa: «maksai». Ni kweli kwamba kwa kawaida maksai ni ng'ombe, lakini hakuna kizuizi cha kusema «farasi maksai», na maana yake itaeleweka bila ya maelezo. Istilahi hii si pambo. Kwa kuwa Phar Lap alikuwa maksai, hakuacha mtoto hata mmoja, na alipokufa California mwaka 1932 ukoo wake uliishia hapo. Mahali pengine mtafsiri amemwita «dume», na msomaji makini atauliza watoto wake wako wapi.

Maneno yaliyokuwapo yakasahauliwa

Tumeona ambavyo mtafsiri amechukua maneno yasiyofaa. Sasa tutazame pale alipokosa kuchukua yanayofaa. Hatamu ameziita «kamba za farasi». Lijamu ameiita «chuma cha mdomoni». Kikuku cha kupandia ameita «chuma cha kuwekea mguu». Mtu angedhani kwamba Waswahili hawakupata kumpanda mnyama yeyote.

Sivyo. Pwani yetu ilijua farasi kwa karne nyingi, ingawa waliokuwa nao ni wachache. Tenzi za kale za vita, ukiwamo ule wa Herekali ambao nakala yake moja ni ya mwaka 1728, zimejaa wapanda farasi. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan alipotuma jahazi lake Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na kama farasi walikuwa wa wakubwa, punda walikuwa wa wengi: punda wa Maskati wa kupandwa, na punda kihongwe wa bara wa kubebeshwa mizigo. Hadi leo Lamu husafirishwa kwa punda, na vijana hushindana kuwakimbiza katika sherehe za mji. Hatamu, kigwe, lijamu, seruji na tandiko ni maneno ya kazi hiyo.

Lililo la ajabu ni kwamba hatamu linajulikana Sindeni kuliko mahali pengi. Katika enzi ya chama kimoja, iliyokoma mwaka 1992, mtumishi gani wa serikali hakusikia kwamba Chama kimeshika hatamu? Neno lilikaa midomoni mwa watu miaka na miaka katika maana ya uongozi. Mtafsiri angelitumia katika maana yake ya kwanza, msomaji angepata faida mbili: angejua kitu kinachoshikwa na mpanda farasi, na angejua mzizi wa usemi alioukuta nyumbani.

Mwendo nao umefanyiwa vivyo hivyo. Katika mswada farasi «anatembea haraka», «anakimbia», «anakimbia sana», na mwishowe «anakimbia sana kabisa». Kiswahili kina telki, mwendo mwepesi wa mnyama wa kupandwa usiomchosha aliye juu. Kina matiti, mbio ndogo za kudundadunda. Kina shoti, mbio kali. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, na yanangoja mtu wa kuyaita kazini. Hatuna budi kusema wazi kwamba mtafsiri anayeongeza «sana» na «kabisa» mahali penye neno maalumu anaifukarisha lugha tajiri, kisha watu wanakuja kuilaumu lugha.

Pamoja na hayo, liko jambo moja ambalo mtafsiri amelifanya vizuri kuliko kamusi. Katika desturi ya wafugaji wa Thorobredi, farasi wawili huhesabiwa kuwa ndugu wa upande mmoja ikiwa wana mama mmoja tu. Wenye baba mmoja na mama mbalimbali hawahesabiwi, kwa kuwa dume mmoja aweza kuwa na mamia ya watoto. Watafsiri wengi wangeandika «ndugu wa nusu», maneno ambayo hayana uhai kwa Kiswahili. Mwalimu wetu ameandika «ndugu wa tumbo moja». Hakuna lililo bora kuliko hilo. Kwa Wazigua, ambao kwa mapokeo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, desturi hii ya farasi haihitaji hata maelezo. Hapa Sindeni imeifundisha Kiswahili, na twapendekeza neno hilo likubaliwe kama lilivyo.

Majina ya farasi wenyewe

Mtafsiri amebadili baadhi ya majina ya farasi. Eclipse, aliyezaliwa siku ya kupatwa kwa jua mwaka 1764 na kushinda mbio zote 18 alizoshindana, amekuwa «Kupatwa-kwa-Jua». Frankel, aliyeshinda mara 14 kati ya 14 kuanzia 2010 hadi 2012, ameachwa. Kincsem, jike wa Hungaria aliyeshinda mara 54 bila ya kushindwa, naye ameachwa. Hapana utaratibu. Ushauri wetu ni kwamba jina la farasi aliyeandikishwa libaki kama lilivyoandikwa katika daftari, na maana yake ielezwe mara moja tu, inapokuwa na faida.

Sharti hili lafaa kushikwa hata pale daftari linapokosea. Farasi aliyetwaa Mataji Matatu ya Marekani mwaka 2015, miaka 37 baada ya Affirmed wa 1978, aliandikishwa kwa jina la American Pharoah, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi. Mtafsiri amemsahihisha. Nia yake ni njema, ila jina si sentensi ya mwanafunzi. Aliyelisahihisha ameandika habari za farasi asiyekuwapo.

Dabi na Kariakoo

Neno la mwisho tutakalolijadili ni «dabi». Mbio kubwa za Epsom zilianza mwaka 1780, zikapewa jina la mtukufu wa Derby, na mshindi wa kwanza alikuwa Diomed. Nairobi nayo ina mbio zake za jina hilo. Mtafsiri ameandika «dabi ya Epsom». Lakini magazeti na redio zetu zimekwisha kulipa neno hilo maana nyingine: dabi ni pambano la kandanda kati ya timu hasimu za mji mmoja. Mwanafunzi wa Sindeni akisoma «dabi ya Epsom» atauliza Simba ni nani na Yanga ni nani. Kwa hiyo jina la mbio liandikwe Derby, kama jina pekee, na «dabi» tuwaachie wapenzi wa kandanda, maana wamekwisha kulifanya lao.

Hata hivyo hatupendi kuliacha neno hilo bila ya kutaja jambo moja ambalo mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi wake kwa manufaa. Watu husema «dabi ya Kariakoo», na maneno yote mawili yana habari ya farasi ndani yake. La kwanza ni jina la mbio za farasi. La pili latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita ile ile iliyopita Korogwe na Handeni mwaka 1916. Barabara zilikuwa chache, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Makambi yao yaliacha jina Dar es Salaam, Kariakoo, na Nairobi, Kariokor. Farasi bingwa wana madaftari yanayoonyesha wazazi wao kwa zaidi ya karne mbili. Wengi wa wapagazi waliobeba mizigo ya farasi waliokufa hawakuandikwa hata majina. Msomaji wa Sindeni anayo haki ya kuyajua yote mawili, na neno «nasaba» litamwonyesha tofauti hiyo ambayo «asili» ingeificha.

Mapendekezo

Tunawasilisha orodha ifuatayo kwa watafsiri na walimu, ili waijaribu na kutuletea maoni:

1. kosaafu: aina ya mnyama iliyotengwa kwa uzazi wa kuchagua.
2. Thorobredi: kosaafu ya farasi wa mbio iliyoanzia Uingereza.
3. farasi mwenye nasaba: farasi ambaye wazazi wake wameandikwa.
4. daftari la nasaba: kitabu cha kuandikishia wazazi na watoto wa kosaafu moja.
5. dume la mbegu: farasi dume anayewekwa kwa ajili ya kuzalisha.
6. farasi maksai: farasi dume aliyehasiwa.
7. mtamba wa farasi: farasi jike kijana ambaye hajazaa.
8. ndugu wa tumbo moja: farasi wenye mama mmoja na baba mbalimbali.
9. mbio za uzito sawazishi: mbio ambazo farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi.
10. urefu wa farasi: kipimo cha nafasi kati ya washindani wanapomaliza mbio.
11. Mataji Matatu: ushindi wa mbio tatu kubwa zilizowekwa, katika mwaka mmoja.
12. mpanda farasi wa mbio: mtu anayempanda farasi katika mashindano. Neno «joki» laweza kutumika katika mazungumzo na katika habari fupi.
13. telki, matiti, shoti: mwendo wa farasi, kuanzia ule mwepesi hadi mbio kali.

Hitimisho

Uhakiki huu umekuwa mkali mahali fulani, kwa sababu mswada wenyewe unastahili ukali huo. Kazi isiyo na thamani hairekebishwi. Mwalimu wa Sindeni ameandika sentensi fasaha, amepanga masimulizi kwa taratibu nzuri, na amethubutu kuingia mahali ambapo wengi walisema hapana njia. Makosa yake mengi yana chanzo kimoja: ameitafuta kila istilahi katika kamusi ya Kiingereza, na mara chache ameitafuta zizini, kwa mwenye punda na kwa mchungaji wa ng'ombe. Palipomtoka neno kutoka katika maisha ya watu waliomzunguka, kama «ndugu wa tumbo moja», amewashinda wataalamu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba mswada usikataliwe. Urekebishwe vipimo, uondolewe «vilema» na «towashi», urudishiwe hatamu na lijamu, kisha upigwe chapa. Sharti letu ni moja tu: «farasi wa asili» asionekane humo. Mtoto wa mfugaji atakapokifungua kitabu hicho akamwona Secretariat au Kincsem, ajue kwamba mbele yake yupo mnyama aliyetengenezwa na watu kwa miaka 300 kwa kuchagua na kuandika, na kwamba ng'ombe wa baba yake, ambaye hakuna aliyemwandika, ndiye anayeitwa kwa haki wa asili.